Naongoza Godot hapa Ujiji, kimya kinatushinda. Wenye uzoefu nisaidieni

MwalimuWaUjiji

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, na jioni ni mwongozaji wa kikundi cha maigizo cha watu 9. Miaka yote tumeishi kwa maigizo ya miradi: vyandarua, chanjo, kunawa mikono, utunzaji wa ziwa. Tunaitwa, tunapewa mada, tunatunga, tunacheza dakika 20 sokoni Mwanga au pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, halafu mmoja wetu anasimama kuwauliza watu wamejifunza nini. Kazi ile siidharau hata kidogo. Imelisha nyumba zetu, na naamini kuna watoto wamepelekwa kliniki kwa sababu yake. Ila mwaka huu nimetaka tucheze kitu ambacho kikiisha hakuna wa kusimama kuuliza.

Nimechagua tamthiliya ya Samuel Beckett, ile ya kumngoja Godot. Kwa wasioifahamu: aliiandika kwa Kifaransa, ikachezwa mara ya kwanza Paris Januari 1953 chini ya mwongozaji Roger Blin, kisha mwenyewe akaigeuza kwa Kiingereza. Watu wawili waliochakaa, Vladimir na Estragon, wako barabarani penye mti mmoja mkavu, wanamngoja mtu aitwaye Godot. Anapita bwana mmoja, Pozzo, akimswaga mtumishi wake Lucky kwa kamba ya shingoni. Jioni inaingia, mtoto anakuja kusema Bwana Godot leo haji, kesho atakuja bila shaka. Sehemu ya pili ni kesho yake. Mti umeota majani manne, matano. Pozzo amepofuka, Lucky amekuwa bubu, na mtoto anakuja tena na maneno yaleyale. Imeisha.

Niliisoma chuoni nikaona huyu mtu kaandika habari za Kigoma. Nimekua nikingoja. Reli inaishia hapa, kwa hiyo treni ikichelewa huko njiani, anayejua mwisho kabisa ni mtu wa Kigoma. Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi stesheni; nilikuwa nampelekea chakula cha mchana na kukuta watu wamelala juu ya mizigo yao tangu jana. Na meli vilevile. Kijana wangu anayecheza Vladimir alikuwa kibarua bandarini Mei 2015, wakati meli ya Liemba inawaleta wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha mpakani cha Kagunga. Anasema walikuwa wakishuka kila mtu anauliza tunaondoka saa ngapi, tunapelekwa wapi, na yeye hakuwa na jibu la kuwapa, akawa anawapokea mizigo tu. Nilipomsomea kurasa za mwanzo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, hii naiweza."

Sasa tatizo. Beckett ameandika vituo vya namna mbili ndani ya mazungumzo, pengine pumziko fupi, pengine kimya chenyewe. Kwenye nakala yetu nimeweka "kituo" na "kimya". Vituo tunavimudu. Kimya kinatushinda. Waigizaji wangu wamelelewa na soko: pale ukinyamaza sekunde tatu, pikipiki imeshakunyang'anya watazamaji. Kwa hiyo kila penye kimya mmoja anakohoa, mwingine anarekebisha kofia, wa tatu anadaka neno linalofuata kabla halijaiva. Nimewaambia mara mia, "Nyamazeni." Wakinyamaza, wanakuwa kama watu waliosahau maneno.

Na si wao tu. Wiki iliyopita niliwaalika majirani uani kwangu, tunapofanyia mazoezi chini ya mwembe, waone sehemu ya kwanza. Walikuja kama 30. Tukafika pale Estragon anataka waondoke, Vladimir anamwambia hawawezi, wanamngoja Godot. Kimya. Mama mmoja anayeuza mawese, kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Sasa wanangu, si mumpigie simu?" Mzee mmoja akamjibu kwamba huenda hapatikani. Mwingine akauliza huyo Godot ana deni nao, au wao ndio wana deni naye. Yakawa mazungumzo ya dakika tano, mazuri tu, na waigizaji wangu wamesimama pale hawajui waendelee au wangoje.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama nimewakosea majirani kwa kuwaletea kitu kisicho na mlango wa kuingilia, au waliingia kwa mlango ambao mimi sikuuona.

Kuna na madogo. Mwishoni Estragon anafungua kamba iliyofunga suruali, suruali inaanguka. Kijana wangu amekataa katakata, kwa kuwa baba mkwe wake anaishi nyumba ya tatu na atakuja. Pia mwigizaji wangu bora kuliko wote ni dada, ndiye tuliyetafsiri naye miezi minne, na anaijua sehemu ya Vladimir kuliko anayeicheza. Na mtu aliyetuahidi viti na turubai ananiuliza kila siku, "Ujumbe wake ni nini?" Sijapata la kumjibu.

Naombeni msaada, hasa hapo kwenye kimya. Naomba tu nisiambiwe nitafute tamthiliya nyingine.

---

Mnyanyembe

Mwalimu, marahaba na pole na majukumu. Niko Tabora. Zamani kidogo niliongoza *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed kwenye ukumbi wa shule hapa, ile ya Ame na Zidi pangoni, kwa hiyo haya mambo ya ubwege, tamthiliya zinazoonyesha maisha kama kitu kisicho na mantiki, yalishanitoa jasho. Sikwambii ubadilishe. Ila mkimaliza Godot ichukueni ile, imeandikwa kwa Kiswahili moja kwa moja na waigizaji wako watakuwa wameshaiva.

Kimya. Kosa lako ni hilo neno "nyamazeni". Ukimwambia mwigizaji anyamaze umemnyang'anya kazi, na mtu asiye na kazi jukwaani lazima ajikune. Mpe kazi ya kusikiliza. Hawa wawili wanamngoja mtu ambaye anaweza kutokea dakika hii. Kwa hiyo kila penye kimya waulize: umesikia nini? Mguu wa mtu? Upepo? Mwenzako anapumua vibaya? Wakishakuwa na cha kusikia, utaona mwili unatulia wenyewe.

Zoezi nililotumia mimi: wapeleke barabarani saa za watu kurudi kutoka kazini. Kila mmoja akae peke yake, achague mtu mmoja anayempenda kwelikweli, amngoje apite, bila simu mkononi. Nusu saa. Wakirudi usiwaulize wamehisi nini, waulize shingo ilikuwa inaelekea wapi, miguu ilikuwaje. Hizo shingo na hiyo miguu ndizo unazipanga jukwaani.

Beckett mwenyewe alipoiongoza Berlin mwaka 1975 aliweka mahali maalumu ambapo waigizaji wanatulia kabisa, kama picha, mwanzo na mwisho wa kila sehemu na penginepo. Hakuacha kimya kitokee chenyewe. Kilipangwa kama ngoma inavyopangwa. Chukua kalamu, andika kila kimya kina hesabu ngapi. Vingine viwe vifupi, vingine watu waanze kuingiwa na wasiwasi.

Lingine, na hili naomba unijibu: una idhini? Beckett alifariki 1989, kazi ina wenyewe, na warithi wake ni wakali. Tafsiri yenu nayo inahitaji ruhusa yao, hata kama kiingilio ni bure. Ukishapata, hutaruhusiwa kukata wala kuongeza. Usisahau na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na ofisi ya utamaduni hapo manispaa.

---

mgeni_wa_jiji

Mwalimu hongera kwa uthubutu, lakini tuwe wakweli. Saa mbili za watu wasiofanya kitu, Ujiji? Punguza ibaki dakika 40, weka ngoma katikati, mwisho Godot aje hata kwa sekunde moja. Watu wametoka kazini wamechoka.

---

MwalimuWaUjiji

@mgeni_wa_jiji, asante kwa kusoma, lakini hapana. Akija Godot hii ni tamthiliya nyingine. Na sikubali kwamba watu waliochoka hawawezi kukaa na jambo zito. Januari 1956 iliposhushwa Miami, Marekani, ilitangazwa kama kichekesho, na watu wenye nguo nzuri wakaondoka baada ya sehemu ya kwanza. Novemba 1957 waigizaji wa San Francisco wakaipeleka gereza la San Quentin mbele ya wafungwa kama 1,400, na wale walikaa mpaka mwisho. Hawakuwa wasomi wa tamthiliya. Walikuwa wanajua kungoja. Mimi nikiangalia mtaa wangu naona watu wa namna hiyo.

@Mnyanyembe, kaka yangu, "umesikia nini" nimeiandika kwa wino mwekundu juu ya nakala. Idhini: barua niliituma kwa wakala wa warithi kabla hatujaanza kukariri. Wameuliza ukumbi, idadi ya watazamaji, kiingilio, na wanataka kuiona tafsiri. Nimewapelekea vyote. Mpaka wajibu, tunafanya mazoezi tu na sitangazi tarehe. Cheti cha kikundi BASATA tunacho.

---

DagaaKibirizi

Mwalimu shikamoo. Mimi si mtu wa maigizo, nanunua dagaa Kibirizi na Katonga na kuwapeleka Dar. Ila nimesoma uzi wako wote hadi chai ikapoa, nikaona kuna kitu nakijua.

Usicheze wakati wa giza, zile siku ambazo usiku hauna mwezi. Kipindi cha giza wavuvi wote wako ziwani na taa zao, na sisi wengine tuko mwaloni tangu alfajiri. Utabaki na viti vyako. Cheza mwezi ukiwa mpevu, mwezi wa kumi na nne. Mwezi ukiwaka taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa, wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu na kungoja giza lirudi. Hao ndio watazamaji wako. Mtu anayengoja giza ili apate riziki hutamweleza kungoja ni nini.

Pili, umesema jioni inaingia na mwezi unatokea mwisho wa kila sehemu, au nimeelewa vibaya? Nilikwenda kuisoma kidogo mtandaoni. Kama ni hivyo huhitaji taa. Hapa kwetu jua linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa 1 jioni, na usiku wa kumi na nne mwezi unapanda mashariki muda huohuo. Panga watazamaji waelekee pembeni, ziwa liwe kushoto na vilima kulia, waone vyote viwili.

Tatu, adhana. Umelipanga hilo? Ukianza saa 11 itakukuta katikati ya maneno na utasimama utake usitake. Anza saa 12 kasoro dakika 10. Sehemu ya kwanza ikiwa ya saa moja na kidogo, inaisha na Magharibi inaadhiniwa. Hapo ndipo mapumziko yako. Watu wanaswali, wanarudi. Ukianza ya pili saa 1 na dakika 20 na ikawa kama dakika 50, unamaliza kabla ya Isha.

Na huyo mama wa mawese mwacheni aseme.

---

BintiRuchugi

Shikamoo mwalimu, niko Uvinza. Nilisomea sanaa za maonyesho, nikafanya kazi ya maleba, yaani mavazi ya waigizaji, kwa kipindi, sasa nashona.

Suruali kwanza, maana hiyo ni kazi yangu. Usimruhusu kijana aishikilie nusu. Hata huko Paris 1953 mwigizaji hakutaka, na Beckett alimwandikia Roger Blin kusisitiza ianguke kabisa mpaka vifundoni. Ni kitu kinachochekesha pale ambapo wanazungumza habari ya kujinyonga, na ukikiondoa hicho pale panabaki kilio kitupu. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba mtu abaki uchi. Mshonee bukta pana ya kitambaa cha marekani inayofika chini ya goti, fulana ndefu juu yake, na suruali yenyewe iwe kubwa saizi tatu, nzito, ya khaki, ili ikifunguliwa ishuke mara moja bila kunasa. Baba mkwe ataona goti? Hata goti hataona. Na kabla ya siku yenyewe kijana aende akamweleze mzee mapema, kwa heshima, kwamba kuna jambo atalifanya la kazi. Mkwe akishaambiwa si sawa na mkwe aliyeshtukizwa.

La dada linaniuma. Beckett hakutaka wanawake wacheze hao wanaume. Mwaka 1988 kikundi cha Haarlem, Uholanzi, kiliweka wanawake, akakipeleka mahakamani. Mahakama ikakipa haki kikundi, naye akazuia tamthiliya zake zisichezwe Uholanzi. Msimamo wa warithi haujalegea sana. Nafikiri si haki, na bado nakushauri usicheze na hilo, maana utapoteza idhini na kikundi kizima kitaumia. Lakini dada huyo asiishie kushika nakala pembeni na kuwakumbusha wenzake maneno. Ameitafsiri. Mpe sehemu moja aiongoze yeye, jina lake liandikwe pamoja na lako, na ukubwa uleule.

---

Mnyanyembe

DagaaKibirizi, hiyo ya mwezi sijapata kuisikia kwa mwongozaji yeyote. Mwalimu, mchukue huyu awe kwenye kikundi.

Kuhusu kumwacha mama aseme, mimi naona tofauti kidogo. Aseme, ndiyo, huwezi kumfunga mdomo mtu uani kwa jirani yake. Ila waigizaji wasimjibu hata kwa jicho. Wakimjibu mara moja, itakuwa ile shoo yenu ya sokoni, kila mtu ataanza kutoa ushauri na kimya hakitarudi. Wamsikilize kama wanavyosikiliza upepo. Sauti inatoka mahali, haijulikani wapi, si ya Godot. Wageuze shingo, wangoje, warudi. Jaribu uone.

---

MwalimuWaUjiji

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa. Nimechelewa kwa sababu ya mitihani ya darasa la saba.

Zoezi la barabarani tumelifanya, pale njia ya kutoka Mwanga inapoingia Ujiji. Estragon wangu alichagua kumngoja mke wake ashuke kwenye daladala. Zilipita tano hayumo. Aliporudi alituonyesha alichokuwa akifanya bila kujua: kila gari likipunguza mwendo, visigino vyake vinanyanyuka kidogo, likipita, vinashuka. Hatukuongeza kitu. Sasa penye kimya sehemu ya kwanza visigino vinanyanyuka, na sehemu ya pili, mahali palepale, havinyanyuki. Mimi nimemwongoza kijana huyu miaka sita na sikujua ana uwezo huo.

Tumeandika hesabu za vimya vyote. Kirefu kuliko vyote tumekipa 11. Mara ya kwanza nilipokihesabu nilihisi nimekaa saa nzima, mikono inatoka jasho.

Jumamosi niliwaita majirani tena, nikaanza saa 12 kasoro 10 kama alivyosema kaka wa Kibirizi. Mama wa mawese alikuja na kigoda chake. Pale pale akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Hawaji hao." Vladimir akageuza shingo taratibu upande wa sauti, akangoja, akarudi. Uani hakuna aliyeongezea. Adhana ilipoanza mtoto alikuwa ameshaondoka na wale wawili wameshatulia, wamekaa vilevile mpaka muadhini akamaliza, na watu hawakuondoka, wakawa wanasikiliza pamoja nao. Sikuwa nimelipanga hilo. Nililia kidogo, nasema kweli, nikajifanya naenda kuchukua maji.

Dada wa tafsiri anaongoza sehemu ya pili yote. Nilimwambia msimamo wa warithi bila kumficha. Alikaa kimya, akasema atanijibu kesho. Kesho yake alikuja na daftari, amepanga jinsi Pozzo kipofu atakavyoanguka na wenzake wamwangukie, hatua kwa hatua. Kidonda kipo bado, naona, na sijui kukitibu. Lakini sehemu ya pili imekuwa bora kuliko ya kwanza, na nimemwambia hivyo mbele ya wote.

Bukta imeshonwa. Kijana alikwenda kwa mkwe na kilo ya sukari, akaeleza. Mzee alimuuliza swali moja tu, kama huyo mtu mwenye suruali ana watoto. Kijana akasema haikuandikwa. Mzee akasema atakuja.

Mwenye viti nilimjibu kwamba igizo hili halina ujumbe wa kutangaza, nikamwomba aje Jumamosi. Hakuja, na turubai sina. Kwa hiyo watu watakaa kwenye mikeka, na nimefurahi kwa sababu mkeka hauna mgongo wa kuegemea, mtu anakaa mbele. Warithi wameandika wakitaka tubadilishe mistari miwili tuliyokuwa tumeiswahilisha kupita kiasi, karoti tuliifanya muhogo. Tumerudisha karoti. Zinapatikana Mwanga.

Idhini ikitoka, itakuwa usiku wa kumi na nne wa mwezi utakaofuata. Nitawaandikia hapa.

Kilichobaki ni mti. Uani kwangu ni mwembe, umejaa majani na hauwezi kuwa ule. Nahitaji mkavu, mrefu kuliko mtu, mwembamba, wenye matawi mawili matatu ya kufungia majani manne. Kaka wa Kibirizi, ukiona mmoja umetupwa na ziwa pale mwaloni, tafadhali uwaambie wasiupasue kuni. Nitatuma vijana wawili na mkokoteni.